Rangi haishikilii baraza

Leo hakuna seva wala msimbo, leo ni mbao. Lakini msiondoke. Ninachotaka kusema kuhusu mbao ni kile kile ambacho nimekuwa nikikisema hapa kuhusu programu, tofauti ni moja tu: programu ikianguka unaiwasha upya, baraza ikianguka kuna mtu juu yake.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usiusubiri. Baraza ya mbao nje ya nyumba haifi kwa kukosa rangi. Inafia chini, pale nguzo inapokutana na udongo na pale boriti inapokutana na ukuta. Sisi karibu wote, wenye nyumba pamoja na mafundi, tunamwaga pesa juu, kwenye msasa na vanishi, kwa sababu ya juu ndiyo inayoonekana. Naona hiyo ni tabia mbaya, na naona ni ya hatari.

Kwanza jina. Kuna wanaoita kitu hiki "deki". Kwangu deki ni ile ya kupiga sakafu kwa maji na kitambaa, au ya meli. Hapa nitaita baraza: sakafu ya mbao iliyoinuliwa nyuma ya nyumba, mahali pa kukaa jioni na kunywa chai huku unatazama Bonde la Ufa.

Hali ya hapa Kimuka

Kwa asiyepajua, Kimuka ni upande wa magharibi wa vilima vya Ngong, kwenye barabara inayoteremka kuelekea Suswa. Juu kule vilimani kuna mitambo ya upepo ya KenGen, na miwili ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993. Hakuna anayeweka mitambo ya upepo mahali ambapo hakuna upepo, kwa hiyo tayari umeshajua jambo moja kuhusu hapa. Mengine ni jua kali, vumbi, mchwa, na mvua ambayo ama haiji kabisa au inakuja yote kwa pamoja.

Hilo la mwisho si utani. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 Kajiado ilipitia ukame mrefu, misimu mitano ya mvua ikafeli mfululizo, na wafugaji wakapoteza mifugo mingi. Kisha ikaja El Niño ya mwisho wa 2023, halafu mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Sasa fikiria ubao uliokauka miaka miwili na nusu mpaka ukapasuka, halafu unanyweshwa maji kwa miezi. Ubao ni kama sifongo iliyobanwa. Ukikauka unasinyaa upande wa upana, ukilowa unavimba, na kila mara unapofanya hivyo unautikisa msumari kidogo. Urefu wake haubadiliki sana, ni upana. Ndiyo maana misumari ya baraza za zamani inachomoza vichwa kama uyoga.

Baraza yetu ilikuja na nyumba. Hatukuijenga sisi. Ni futi 16 kwa 12, na kwa sababu kiwanja kimeteremka, upande wa mbali uko juu ya ardhi kama mita moja na nusu. Katikati ya 2024 ilikuwa ya kijivu, imepasuka hapa na pale, na ukitembea juu yake kuna mahali inalia. Na tulikuwa na tarehe: Desemba hiyo wageni wa posa ya dada yangu wangefika nyumbani, kama watu arobaini, na hakuna pengine pa kuwakalisha.

Nikaita fundi mmoja aje akague. Alipanda, akatembea hatua tatu, akasema:

"Boss, hii ni kazi ya siku mbili. Tupige msasa, tupake vanishi, ing'ae. Wageni hawaangalii chini."

Hapo ndipo tulipotofautiana.

Hesabu ya watu arobaini

Chukua mtu mmoja kwa kilo 70. Arobaini ni kilo 2,800, karibu tani tatu, na hujaweka viti, sufuria, wala wajomba watakaosimama wote upande mmoja wakati wa picha. Uzito huo hautashikiliwa na vanishi.

Anayedhani natia chumvi akumbuke Chicago. Tarehe 29 Juni 2003, kwenye mtaa wa Lincoln Park, baraza za mbao nyuma ya jengo la ghorofa zilianguka zikiwa zimejaa vijana waliokuwa kwenye sherehe. Watu 13 walikufa na wengine zaidi ya 50 wakajeruhiwa. Huo ni mji wenye sheria za ujenzi na wakaguzi. Sisi huku hatuna mtu anayekuja kukagua baraza ya nyuma ya nyumba. Mkaguzi ni wewe.

Na kukagua si kazi ngumu. Kifaa ni bisibisi. Ingia chini ya baraza, choma kila nguzo pale inapoingia ardhini, choma kila boriti hasa sehemu zake za mwisho, choma ule ubao mkubwa uliofungwa ukutani ambao unabeba upande mzima wa baraza. Mbao nzima inakataa bisibisi. Mbao iliyooza inaipokea kama keki. Kwetu sisi waandika programu hili si geni, ni jaribio la kawaida: huamini ukurasa kwa sababu unapendeza, unaujaribu.

Majibu yangu yalikuwa haya:

- Nguzo 12: tano zimeoza usawa wa udongo, moja ilikuwa imebaki ganda tu, ndani mchwa wamefanya nyumba.
- Boriti 7: nne zimeoza mwisho, upande wa ukutani.
- Ubao wa ukutani: umeshikiliwa na misumari mitupu, hakuna bolti hata moja.
- Mbao za juu 32: kumi na moja mbovu. Nyingine 21 zilikuwa nzima kabisa.

Rudia kusoma mstari wa mwisho. Sehemu iliyokuwa inaonekana mbaya ndiyo iliyokuwa na afya nzuri kuliko zote. Ule ukijivu wa juu si kuoza. Jua linavunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, mvua inaisukuma, na kinachobaki ni ngozi nyembamba ya kijivu. Chini ya ngozi hiyo mbao ni ile ile. Fundi aliyetaka kupiga msasa angetengeneza sehemu ambayo haikuwa inaumwa.

Kwa nini inaoza chini

Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji maji. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu, hawafanyi kazi. Kwa hiyo swali lote la baraza ni hili: maji yanaingia wapi, na yakishaingia yanatoka vipi? Ubavuni ubao unanyonya polepole. Mwisho wake, pale ulipokatwa na msumeno, unanyonya kama mrija, kwa sababu mirija ya mti imefunguliwa pale. Na nguzo iliyozikwa kwenye udongo haikauki kamwe usawa wa ardhi: kuna maji, kuna hewa, kuna joto, na kuna mchwa wanaopita bila kuonekana. Ndiyo maana nguzo za uzio hukatika sehemu ile ile kila mara, vidole viwili juu au chini ya udongo.

Kwa hiyo nguzo mpya hatukuzizika. Tulichimba, tukamimina zege, tukaacha kitako kitokeze juu ya udongo kama inchi sita, tukafunga chuma cha kushikia, na nguzo ikakaa juu ya chuma hicho bila kugusa ardhi. Mchwa bado anaweza kupanda juu ya zege, lakini lazima ajenge njia yake ya udongo nje, na hapo unamwona na kumwondoa. Sihitaji mchwa asiwepo Kajiado. Nahitaji nimwone anapokuja.

Ukiwa Kitengela au kwenye tambarare zile zenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, ongeza kina. Udongo ule unainua na kushusha kila kilichokaa juu juu, na vitako vikipanda kila kimoja kivyake, baraza yako itakuwa ngazi.

Chini ya baraza tukasawazisha ardhi iteremke kuondoka nyumbani, tukamwaga kokoto. Ukutani tukatoa misumari tukaweka bolti. Na tukaongeza boriti sita katikati ya zile saba, kwa sababu aliyejenga mwanzo aliacha futi mbili mbili kati yao, na mbao za inchi moja hazivuki futi mbili bila kuyumba. Ile sauti ya kulia ilikuwa ni hiyo.

Kubomoa yote au kurekebisha?

Fundi wa pili niliyemwita alikuwa na ushauri kinyume cha wa kwanza: "Bomoa yote, tuanze upya. Hii ya zamani ni matatizo." Huyu naye mnamfahamu. Yuko kwenye kila ofisi ya programu, anafungua msimbo wa mtu mwingine, anakunja uso, anasema tuandike upya.

Aprili 2000 Joel Spolsky aliandika makala ambayo wengi wetu tulilelewa nayo, akisema kuandika programu upya kutoka mwanzo ndilo kosa kubwa kuliko yote ambayo kampuni inaweza kufanya. Mfano wake ulikuwa Netscape: walitupa walichokuwa nacho, wakaanza upya, na wakati wanaandika, Internet Explorer ilikuwa inachukua watu wao. Hoja yake ilikuwa kwamba msimbo wa zamani una suluhisho za matatizo ambayo umeshayasahau.

Je, ni kweli pia kwa mbao? Nasema nusu. Mbao 21 nzima zilikuwa zimeshamaliza kupinda. Zimepita ukame, zimepita El Niño, zilizotaka kujikunja zilishajikunja. Ubao mpya kutoka sokoni bado haujakuambia tabia yake. Kwa hiyo tulizitoa moja moja kwa mtaimbo, tukazigeuza upande wa chini uwe juu, tukazirudisha. Huo ndio upande ambao jua halijawahi kuuona, na ni mzuri kama mpya.

Lakini nguzo iliyooza haina busara yoyote ya kuhifadhi. Kuna watu wanaosoma Spolsky kama amri ya kutogusa kitu. Hapana. Kanuni yangu, kwa mbao na kwa programu: badilisha kila kinachobeba uzito na kimeshindwa jaribio, hifadhi kila kilichopita jaribio hata kama ni kibaya kwa sura. Anayetaka kupaka rangi tu na anayetaka kubomoa yote wana ugonjwa mmoja: wote wawili hawakuingia chini na bisibisi.

Kununua mbao

Hapa nchini huwezi kuzungumzia mbao bila kuzungumzia marufuku. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, zikawa miaka, hadi Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuiondoa. Katikati hapo mbao zilitoka kwenye mashamba ya watu na ng'ambo ya mpaka, Tanzania, zikipitia Namanga. Sababu za kulinda misitu nazikubali. Lakini mnunuzi ajue kwamba shamba likiwa na bei nzuri, mti unakatwa mapema, na mti mchanga una mbao nyingi nyeupe za nje na kiini kidogo.

Hili ndilo la kuangalia, sio jina la mti. Mbao nyeupe ya nje haina kinga, iwe ya saipresi, ya mkaratusi au ya mti gani. Kinga ya asili iko kwenye kiini. Ukienda kununua sita kwa mbili, tazama mwisho wake: ukiona karibu yote ni nyeupe, hiyo inahitaji dawa, na muuzaji akikuambia "hii ni saipresi, mchwa hawali," mwambie asante.

Mtarakwa ni habari nyingine. Nguzo zake zinasifiwa kote Kajiado, na zinastahili. Lakini mtarakwa ni mti wa asili unaokua polepole sana, na si kila nguzo inayouzwa kando ya barabara ina karatasi zake. Mimi sikununua. Nilichukua nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, aina ile ile inayotumika kwa nyaya za umeme.

Dawa, na jiko la mlinzi

Sehemu hii soma hata kama umeruka zote.

Dawa inayotumika sana kwenye nguzo hizo ina vitu vitatu: shaba, kromiamu na aseniki. Shaba inazuia kuvu, aseniki inazuia wadudu, kromiamu inavigandisha viwili hivyo ndani ya mbao. Ndiyo inayoleta ule ukijani. Inafanya kazi vizuri sana, na nguzo ikiwa imesimama mahali pake haina shida kubwa na wewe. Hata hivyo Marekani viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwisho wa 2003, kwa ajili ya watoto wanaocheza juu yake. Kwa hiyo kwangu iko kwenye nguzo na boriti, chini. Mbao za juu, za kukanyaga kwa miguu mitupu, hazina dawa hiyo.

Hatari yenyewe ni moto. Ukiichoma, sehemu ya aseniki inapanda na moshi, na nyingine inabaki kwenye majivu. Siku ya pili ya kazi, mlinzi wa jirani alikuja na gunia. "Boss, hivyo vipande unatupa? Niko na jiko pale." Ni ombi la kawaida kabisa. Kuni ni pesa, na vipande vya nguzo vinaonekana vikavu na vizuri. Ilibidi nikae naye chini nimweleze kwamba vile vya kijani vina sumu ya panya ndani yake, na kwamba kibanda chake ni kidogo na hakina dirisha. Nikampa vile vya saipresi tupu, vilivyokuwa vingi.

Nauliza: ni baraza ngapi, uzio ngapi, vibanda vingapi vinabomolewa kila wiki kati ya Ngong na Kitengela, na vipande vinaishia kwenye jiko la nani? Fundi anajua mbao imetiwa dawa, mwenye nyumba anajua, anayepikia ugali hajui. Kama unajenga, kusema ni kazi yako. Usichome, usimpe mtu achome, usitandaze unga wake wa msumeno kwenye banda la kuku wala kwenye sukuma. Fagia unga, tia kwenye gunia, mpe mchukuzi wa taka mwenye leseni ya NEMA. Vipande virefu nilivitumia kuzuia udongo wa njia, mbali na mboga.

Jambo moja zaidi kuhusu nguzo za dawa: dawa haifiki katikati. Ukikata nguzo unafungua sehemu ambayo haina kinga. Kwa hiyo kata upande wa juu tu, mwisho wa kiwandani ubaki chini, na pale ulipokata paka dawa ya mkono na ufunike.

Na oil chafu? Najua, kila mtu anayo gereji karibu, ni ya bure, na babu yako alipaka nguzo zake. Mimi siitaki kwenye baraza. Haikauki, inashika vumbi la Kimuka lote, inachafua nguo, na ukishaipaka hakuna rangi itakayoshika tena. Juu ya hayo, ndani ya oili iliyotumika kuna metali nzito na masizi ya injini, na inaosha chini mvua ikinyesha. Huku tunakunywa maji ya kisima na ya paa. Sioni faida.

Sasa rangi

Mmeona tumefika wapi kabla ya kugusa brashi. Kwenye bajeti yangu rangi haikufika hata sehemu ya kumi.

Sisemi rangi haina kazi. Inapunguza maji yanayoingia na inakinga jua. Ila chagua aina sahihi. Vanishi inakaa juu kama kioo. Mbao chini yake inavimba na kusinyaa, kioo kinapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayawezi kutoka. Baada ya msimu mmoja wa jua la hapa inabanduka kama ngozi ya nyoka, na kuipaka upya lazima uikwangue yote. Ile inayopenya, mafundi huiita steini, haifanyi ngozi. Inachakaa polepole, na kuirudia ni kuosha na kupaka. Chagua yenye rangi ndani yake, sio ile isiyo na rangi kabisa, kwa sababu chembe za rangi ndizo zinazozuia jua.

Utaratibu tuliofuata:

1. Mbao mpya tuliziacha wiki kadhaa zikauke. Jaribio: dondosha maji. Yakikaa juu kama shanga, bado. Yakizama, tayari.
2. Kuosha kwa brashi ngumu na sabuni, kisha siku mbili za kukauka. Mabaka meusi kuzunguka misumari ya zamani ni chuma kikikutana na mbao, asidi ya oksaliki inayatoa. Vaa glavu.
3. Msasa wa namba 60 hadi 80 tu. Ukilainisha sana, mbao inakataa kunywa.
4. Mwisho wa kila ubao kwanza, mara tatu. Hapo ndipo maji yanapoingilia, nimeshasema.
5. Kupaka asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka na vumbi lake, na kabla jua halijapiga mbao. Ubao mmoja mwanzo hadi mwisho, bila kusimama katikati. Baada ya dakika 15 hivi, futa kilichobaki juu.
6. Skurubu badala ya misumari, zilizopakwa zinki kwa kuchovywa. Dawa yenye shaba inakula chuma kitupu.

Tahadhari: kama rangi yako ina mafuta ya kitani, vitambaa vya kufutia usivirundike. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto, na rundo linaweza kushika moto lenyewe usiku, bila kiberiti. Vitandaze juani kimoja kimoja au vitie kwenye ndoo ya maji.

Deni

Mwaka 1992 Ward Cunningham alituletea neno la deni kwa programu: ukifanya haraka leo umekopa, na riba utailipa. Watu wa Pwani walilijua jambo hili bila kompyuta. Majahazi yao yalipakwa sifa, mafuta ya papa, juu ya usawa wa maji, na chini deheni, mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na chokaa. Hawakupaka mara moja wakasema imekwisha. Chombo kilipandishwa pwani, kikakwanguliwa, kikakalafatiwa, kikapakwa, kikarudi, msimu kwa msimu. Hapa kwetu Kimuka mama wa Kimaasai anaujua ufa wa nyumba yake kabla ya mvua na anauziba kwa samadi. Hakuna kati yao aliyeahidiwa rangi ya miaka kumi kwenye kopo.

Sisi ndio tumeingia kwenye ndoto ya kitu kisichohitaji kuguswa. Ratiba yangu sasa iko kwenye kalenda, karibu na ratiba ya kuhifadhi data: kabla ya masika na kabla ya vuli, nusu saa chini ya baraza na bisibisi na tochi. Mara moja kwa mwaka kufagia nafasi kati ya mbao, kwa sababu majani yaliyokwama hapo yanashika maji. Rangi, pale maji yatakapoacha kukaa kama shanga, na sio kabla.

Wageni walikuja Desemba, walikaa wote, na wajomba walisimama upande mmoja kwa ajili ya picha kama nilivyotabiri. Masika ya 2025 yamepita na bisibisi inakataliwa kila mahali.

Neno la mwisho ni kuhusu pesa. Fundi niliyefanya naye kazi hatimaye alidai siku nne za malipo kwa kazi ya chini kabla ya kugusa ubao mmoja wa juu. Jirani akaniambia nimeibiwa, "siku nne na hakuna kinachoonekana." Ndugu zangu, mafundi wanapaka rangi kwa sababu rangi ndiyo tunayoilipia. Ukitaka nguzo nzima, mlipe mtu kwa siku alizolala chini ya baraza yako na zege kwenye nywele. Na kabla hujalipa, ingia mwenyewe uone. Bisibisi unayo.